Kabla Kidonge Hakijagusa Ulimi

Maneno haya niliyasema Mikindani, Mtwara, Jumatatu ya pili ya Februari, siku ambayo dunia nzima inakumbuka ugonjwa wa kifafa. Tulikaa kwenye majamvi chini ya mwembe, wagonjwa pamoja na waliowaleta. Kuna ambao hawakuwahi, wakaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimepunguza marudio tu.

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, wanangu, hamjambo.

Mhudumu wetu wa afya alipita kwenu wiki iliyopita akawaambia kila mmoja aje na vitu vyote vinavyonywewa nyumbani kwake. Vidonge, chupa, mizizi, unga wa kukoroga, hata vile vya jirani mlivyoazimwa. Naona mifuko imekuja. Msiifungue kwanza. Tutaifungua mwishoni, na nitawaambia kwa nini nimeihitaji.

Mimi nimestaafu uuguzi na ukunga. Miaka yote ile nilikuwa upande wa dirisha la dawa, yaani upande wa anayetoa. Kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba dawa za kifafa ni dawa nzuri zenye wivu. Hazipendi kukaa nyumba moja na dawa nyingine bila kutambulishwa. Ukimficha daktari kitu kimoja tu, ama dawa ya kifafa inashindwa kazi, au inaiangusha ile nyingine uliyoificha. Na sisi watu wa kusini kwa kuficha! Mgonjwa wa kifafa kwetu anafichwa chumba cha uani, na dawa zake zinafichwa chini ya godoro.

Naanzia mbali kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa mapema na kupewa dawa inayofaa. Kule Mahenge, Ulanga, alikuwapo daktari mmoja mwanamama kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliyeanza kutibu wagonjwa wa kifafa kwenye miaka ya 1960, enzi ambazo watu waliwakimbia wagonjwa hao wakidhani mate yao yanaambukiza. Fenobabitoni, ambayo wengi wenu mnayo kwenye hiyo mifuko, ilianza kutumika kutibu kifafa Ujerumani mwaka 1912. Ni mkubwa kuliko babu yeyote aliyekaa hapa. Kwa hiyo dawa si mpya, na wala siko hapa kuwatisha nazo. Atakayetoka hapa akaenda kutupa vidonge vyake chooni atakuwa hakunisikia.

Swali la kwanza kabla ya kidonge: je, ni kifafa kweli? Mtoto wa miaka miwili anayepata degedege homa inapopanda, mara nyingi hahitaji dawa ya kifafa ya kila siku. Anahitaji ile homa itafutwe chanzo, na kwetu huku malaria ndiyo ya kwanza kupimwa. Mtu mwenye kisukari aliyedunga sindano akasahau kula naye anaweza kuanguka akatetemeka. Kuna anayezimia kwa njaa au kwa kusimama juani. Daktari anazungumza kifafa pale mtu alipoanguka angalau mara mbili, siku tofauti, bila sababu ya papo hapo kama homa kali au sukari kushuka. Na kwa kuwa mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, anayetakiwa kwenda naye ni yule aliyemwona akianguka. Mkono upi ulianza? Macho yalielekea wapi? Alijikojolea? Ilichukua muda gani? Vijana mna simu, kila harusi mnarekodi. Ukishamlaza ndugu yako ubavu, ukamwekea kanga chini ya kichwa, mrekodi nusu dakika, umwonyeshe daktari. Kijiko mdomoni hapana. Na ikipita dakika tano hajatulia, weka simu chini, tafuta bajaji.

Haya. Sasa imethibitika ni kifafa, na daktari ameshika kalamu. Hapo ndipo nataka mumzuie kidogo mkono. Mwambie, "Daktari, subiri, kuna mengine sijakwambia."

Mengine yapi? Nawapa la nyumbani kwangu kwanza, ili msione nawasema ninyi.

Binti wa dada yangu alianza kuanguka akiwa na miaka 22. Alikuwa ana mtoto mmoja mdogo na alishaweka kijiti mkononi, kile cha uzazi wa mpango. Akapewa kabamazepini kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Aliyemwandikia hakumuuliza kuhusu kijiti. Yeye hakusema, maana aliona kijiti ni mambo ya kliniki ya mama na mtoto, hakihusiani na kichwa. Na mimi shangazi yenu, mkunga mzima, nilimpokea nyumbani, nikashika pakiti ya vidonge mkononi, nikamwambia, "Meza kwa wakati, mwanangu." Basi. Kijiti nilikuwa nakijua, maana niliyemsindikiza siku ya kukiweka ni mimi. Kuanguka kulikoma kabisa, tukashukuru Mungu. Miezi michache baadaye akaniita jikoni, ananitazama miguu, anasema, "Mama mdogo, sielewi. Kijiti kipo, na mimba ipo."

Kilichotokea ni hiki. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinalifanya ini lichape kazi kupita kawaida. Ini ndilo jiko la kuchoma dawa mwilini. Moto ukiongezwa, homoni ya kijiti inaungua kabla haijafanya kazi yake, na vidonge vya uzazi wa mpango vivyo hivyo. Kijiti kimo mkononi, unakipapasa unakisikia, lakini ulinzi umepungua. Sindano ya miezi mitatu na lupu ya shaba hazisumbuliwi hivyo. Laiti mtu mmoja tu angeuliza swali moja, au yeye angetoa neno moja. Mtoto alizaliwa salama, anasoma sasa, na jina langu kapewa. Lakini mimba ile haikuwa kwenye hesabu zake.

Moto huohuo wa ini unaunguza na vingine. Anayemeza ARV anisikilize vizuri. Dawa nyingi za CTC, kliniki ya wenye VVU, siku hizi zina dolutegraviri ndani yake. Kabamazepini inaishusha dolutegraviri kwenye damu, na ikishuka, virusi vinapata upenyo. Daktari akijua, ana njia: anaweza kukuongezea dolutegraviri nyingine saa 12 baada ya ile ya kwanza, au akachagua dawa ya kifafa isiyogombana nayo. Asipojua, hana la kufanya. Najua ilivyo. Mtu anachukua dawa za kifafa hapa na ARV anazifuata wilaya nyingine ili asionekane na jirani. Nakuelewa kabisa. Lakini yule anayekuandikia dawa mwambie, hata kwa kumwandikia kwenye karatasi. Ana kiapo cha kutunza siri.

Kifua kikuu nacho hivyohivyo, ila chenyewe kina vituko. Rifampisini inashusha baadhi ya dawa za kifafa, wakati isoniazidi inazipandisha fenitoini na kabamazepini hadi mtu anaona viwili viwili na anayumba kama aliyetoka kilabuni, nyumbani wakadhani amekunywa. Dawa mseto ya malaria inaweza kupungua nguvu kwa anayetumia kabamazepini au fenitoini. Wewe ukipatwa na malaria, sema una kifafa na unameza nini, maliza dozi yote, na homa ikiwa ipo bado siku ya tatu rudi kupimwa, usikae ukisema itaisha. Hata zile dawa za kichocho wanazogawiwa watoto shuleni, prazikwanteli, zinapunguzwa nguvu. Mwalimu aambiwe.

Halafu kuna dawa zinazochokoza kifafa chenyewe. Tramadoli ni mojawapo. Vijana wa bodaboda mnaijua, msiniangalie hivyo.

Tuje kwenye uraka. (Hapo watu walicheka, nikawaacha wacheke.) Msimu wa korosho ukifika, mabibo yanaanguka kila mahali na uraka unakamuliwa kila kijiji kuanzia hapa mpaka Newala na Tandahimba. Sisemi kwa dini ya mtu, nasema kwa dawa. Fenobabitoni inalegeza ubongo na pombe inalegeza ubongo. Vikikutana, usingizi unaweza kuwa mzito hadi pumzi ikalegea. Gongo ndiyo usiniambie kabisa. Na asubuhi yake, pombe inapotoka mwilini, kuanguka kunakuwa jirani. Kuna mzee mmoja alinipangia hesabu yake: siku ya uraka anaacha kidonge ili visigongane. Nikamwambia, mzee wangu, hapo umekata breki zote mbili. Kama kunywa huwezi kuacha, mwambie daktari ukweli wa vikombe vingapi, achague dawa akijua anashughulika na nani. Usimwambie "kidogo tu." Kidogo cha Mmakonde na kidogo cha daktari si kimoja.

Mizizi je? Mimi sigombani na mganga wa miti shamba. Bibi yangu alikuwa anajua miti. Ninachosema, mzizi usiojulikana jina hatujui unafanya nini kwenye ini lako, kwa hiyo usichanganye kimyakimya. Kombe halina tatizo, ni maji na zafarani na maneno ya Mungu. Kunywa, na kidonge meza. Kujifukiza ndiko kunanitia hofu, mtu wa kifafa kuinamia makaa akiwa amefunikwa shuka. Nimefunga majeraha ya namna hiyo, mengine kwa miezi. Chonde chonde.

Sasa nataka kusema na mabinti peke yao, ingawa wanaume mnaruhusiwa kusikia.

Kuna dawa inaitwa valproeti. Kwa kifafa cha aina nyingi ni dawa kali na nzuri. Lakini mwanamke akiwa nayo mwilini wakati mimba inajiunga, kati ya watoto 100 karibu 10 huzaliwa na kasoro kubwa, kwa mfano uti wa mgongo kutofunga, na 30 hadi 40 huchelewa kuongea, kutembea au kuelewa mambo shuleni. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba valproeti isiandikwe kwa wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo binti ukiandikiwa, uliza palepale, "Hii ni valproeti? Hakuna nyingine?" Wala huo si ujuaji, una haki ya kuuliza. Mama mwenye binti wa miaka 12 aliye nayo tangu utotoni, nenda ukaulize kabla binti hajavunja ungo, usisubiri achezwe unyago ndipo ukumbuke.

Na mwenye mimba tayari, akiwa ndani ya dawa yoyote ya kifafa, asiiache ghafla kwa hofu. Kuanguka na tumbo, au kifafa kisichokatika, kunaweza kumuua mama na mtoto pamoja. Aje kesho yake asubuhi, tupange. Anayetaka kuzaa aje kabla, apewe na vidonge vya foliki aanze kumeza mapema, maana uti wa mgongo wa mtoto unafunga kwenye wiki za mwanzo, wakati wengine bado hawajajijua. Kunyonyesha kwa kawaida kunaendelea. Anayetumia fenobabitoni amwangalie mtoto, akilala mno na kusahau titi, amlete.

Ngozi. Hili nalisema taratibu. Kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni na lamotrijini zinaweza, kwa watu wachache, kuleta vipele vibaya sana, hasa kwenye miezi miwili ya kwanza. Vinaanza kama upele wa kawaida na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni na sehemu za siri, kisha ngozi inachubuka kama imemwagiwa maji ya moto. Ndiyo maana nyingine zinaanzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa polepole. Ukiona jirani anameza vidonge vitatu na wewe umepewa nusu, usijipandishe. Kabla ya kuanza, sema kama uliwahi kubabuka kwa dawa yoyote, iwe Septrin, iwe dawa ya kifafa iliyopita. Aliyebabuliwa na fenitoini anaweza kubabuliwa na kabamazepini pia, wanatoka ukoo mmoja. Upele ukitokea, siku hiyohiyo hospitali, na usimeze dozi inayofuata kabla hujaonwa. Kwingine kote nawaambia msiache dawa wenyewe. Hapa tu ndipo nasema, simama, na ukimbie kuonwa.

Mwenye ini bovu, aliyewahi kugeuka manjano, aseme. Valproeti hailipendi ini la namna hiyo, na kwa watoto chini ya miaka miwili hatari ni kubwa zaidi. Mwenye matatizo ya moyo aseme. Na aliyewahi kuwa na huzuni ya kutaka kujidhuru aseme, asione aibu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kumzidishia baadhi ya watu mawazo hayo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2008. Wa nyumbani ndio wataona kwanza kwamba fulani amebadilika, hali chakula, haongei. Watoto nao fenobabitoni inaweza kuwafanya watundu kupita kiasi, wasitulie, wakapandwa na hasira. Mama mmoja aliniambia mtoto kaingiwa na jini jipya baada ya lile la kwanza kutoka. Tulimbadilishia dawa, na jini likahama.

Wiki mbili tatu za mwanzo usingizi utakuwepo. Mkwezi asipande mnazi. Mvuvi asiende na ngalawa peke yake. Mafiga yainuliwe au pawekwe kizuizi. Bodaboda funika turubai.

Kuhusu kuhifadhi, nina kopo hapa. Nilipewa na baba mmoja mvuvi aliyekuja akilalamika kwamba dawa zimeacha kumsaidia. Ni kopo la siagi, mfuniko umepotea, alilitundika dirishani upande wa bahari. Tazameni tembe hizi. Hii nikiibonyeza, ona, imekuwa kama chokaa iliyonyeshewa. Hii ni kabamazepini. Mwaka 1990 Wamarekani walitahadharisha kwamba tembe zake zikikaa kwenye unyevu zinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu. Na unyevu ndio hewa yetu hapa Mikindani, chumvi inayeyuka mezani. Baba wa watu alikuwa anameza kila siku bila kukosa, na pengine alikuwa anameza theluthi mbili tu ya nguvu yake. Ziache kwenye pakiti yake, weka kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza, chumbani, mbali na jiko na mbali na bafu, na juu pasipofikiwa na mtoto. Fenobabitoni chache tu zinaweza kumlaza mtoto asiamke.

Ramadhani imebaki siku za kuhesabu vidole, nimeshaulizwa na watatu tangu nifike. Fenobabitoni kwa kawaida ni mara moja, usiku, haina ugomvi na saumu. Kabamazepini mara nyingi ni mara mbili. Wapo wanaoweza kupangiwa futari na daku. Lakini wapo ambao daktari atawaambia wasifunge, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa, shekhe yuko hapa atanisahihisha. (Shekhe alitikisa kichwa kukubali.) Kinachoangusha watu wengi mwezi huo ni usingizi uliokatwa vipande, ule wa kulala saa sita na kuamka saa kumi. Lala mchana. Ngoma za unyago za kukesha ni shida hiyohiyo, wakati wake ukifika tutaongea tena. Ila usijipangie saa mwenyewe. Njoo wiki hii.

La mwisho kabla ya mifuko. Anayeanza dawa ajue anaanza safari ya miaka. Wengi huambiwa wangoje angalau miaka miwili bila kuanguka, ndipo daktari afikirie kuipunguza, kidogo kidogo. Kuiacha ghafla, hasa fenobabitoni, kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo, anaanguka kabla hajazinduka, na huo mara nyingi ndio msiba. Kwa hiyo kabla hujameza cha kwanza uliza: kitapatikana hapa mwezi ujao? Kikikosekana dirishani nakipata wapi, kwa shilingi ngapi? Nauli ya kwenda hospitali ya Ligula ninayo? Afadhali dawa ya bei ndogo unayoipata kila mwezi kuliko ya kifahari ya mwezi mmoja. Vikibaki vya siku saba, anza kutembea. Na duka la dawa likikupa pakiti ya rangi nyingine, usimeze kabla hujasoma jina na miligramu, au kusomewa na mwanao.

Nimemaliza yangu. Mama mwenye mfuko wa buluu, sogea hapa mbele, ukae karibu na tabibu. Mwaga vyote kwenye jamvi, na vile ulivyovifunga kwenye pindo la kanga pia, nimeviona.